Maji ya Udhu na Maji ya Kunywa: Jinsi ya Kuichagulia Nyumba Njia ya Kusafisha Maji

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeyajaalia maji kuwa asili ya uhai wa kila kiumbe. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mtoto wa Kiislamu wa pwani hufunzwa mlango wa twahara kabla ya mlango wa swala. Huyajua maji ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima na ya chemchemi kabla hajaweza kuhesabu rakaa bila ya kukosea. Hiyo ni neema kubwa. Lakini elimu hiyo ikishikwa nusu huzaa dhana moja yenye hatari, nayo ni kudhani kwamba maji yafaayo kutawadha ndiyo hayo hayo yafaayo kunywa. Dhana hii ndiyo imfanyayo baba akatae kutoa pesa za gesi ya kuchemshia maji, kwa hoja kwamba kisima chake ni twahara na babu yake alikinywa. Makala haya yamekusudia kuyatenga mambo hayo mawili, kisha kumsaidia kila mwenye nyumba achague njia ya kusafisha maji inayolingana na maji aliyo nayo na uwezo aliojaaliwa.

Twahara ni mlango, usalama ni mlango mwengine

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu hapa pwani, maji yakifikia kullatayni hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Wanazuoni wa zama hizi huikadiria kullatayni kuwa takriban lita 200. Yaliyopungua kiasi hicho hunajisika kwa kuguswa na najisi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Hii ni hukumu ya ibada, na vipimo vyake ni jicho, ulimi na pua, kwa sababu Mola wetu hakumkalifisha mja asichoweza kukijua.

Sasa tutazame kisima chenye maji mengi, kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na shimo la choo likawa hatua chache kutoka hapo. Maji ni angavu, hayana harufu, ladha yake haikubadilika. Atawadhaye kwa maji hayo udhu wake ni sahihi. Lakini mwamba wa matumbawe una matundu na nyufa nyingi, wala hauchuji kama uchujavyo mchanga laini. Kilichomo shimoni chaweza kufika kisimani bila ya kuacha alama yoyote ya kuonekana. Viini vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu havina rangi wala harufu. Bilauri yaweza kuwa imejaa viini hivyo na ikang'aa kama kioo.

Kinyume chake pia ni kweli. Chai iliyochemka ni salama kwa mnywaji, wala hakuna atawadhaye kwa chai. Maji ya marashi ni safi, wala hayaondoi hadathi. Na maji ya bahari, ambayo Mtume (S.A.W.) aliwabainishia waliomuuliza kwamba ni twahara, yana chumvi ya takriban gramu 35 katika kila lita, na mwenye kiu akiyanywa humzidishia kiu na kumdhuru. Basi mfano huo wa bahari peke yake watosha: twahara na kunyweka ni mambo mawili.

Suali la twahara hujibiwa na fiqhi, na suali la usalama hujibiwa na elimu ya afya. Mwislamu ameamrishwa yote mawili. Dini imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wenzetu, na Mtume (S.A.W.) alipokataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, aliufunga kwa pamoja mlango wa najisi na mlango wa maradhi.

Wala jambo hili si la kubuni. Mripuko wa kipindupindu ulioanza nchini mwetu mwezi wa Oktoba 2022 uliingia kaunti nyingi na kuendelea katika mwaka 2023. Mwisho wa mwaka huo, mvua za El Nino zilipofurika, ndugu zetu wa Tana River walipata mafuriko na kipindupindu kwa wakati mmoja. Kipindupindu kisipotibiwa huweza kuua katika muda wa saa chache, na mwepesi wa kuchukuliwa ni mtoto.

Maji yetu yatokako

Kabla ya kuchagua dawa, tabibu huuliza asili ya mgonjwa. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, Marere upande wa Shimba, visima vya Tiwi, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Maji hayo hutiwa klorini kabla ya kusafirishwa. Lakini kusafishwa yalikotoka si dhamana ya usafi wa yanapofika. Mfereji unapokatwa kwa mgao, nguvu ya maji ndani ya bomba hushuka, na palipo na tundu, maji machafu yaliyo nje ya bomba huvutwa ndani. Kisha maji huingia katika matangi ya chini ya ardhi ambayo baadhi yake hayajafunguliwa kuoshwa kwa miaka.

Mji wa Lamu umeishi kwa rehema ya michanga ya Shela, ambayo huyahifadhi maji ya mvua chini yake. Katika visiwa vya upande wa Pate na mwambao wa Kiunga, wazee wetu walijenga majabia ya kukingia mvua, na mpaka leo kuna vijiji vinavyoyategemea. Maji ya mvua hayana chumvi, lakini huosha kila kilichomo sakafuni na juu ya paa: vumbi, majani na vinyesi vya ndege.

Ama visima vya mwambao, maji matamu chini ya ardhi huwa yamekaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yakaavyo juu ya maji. Pampu ikivuta kwa pupa, chumvi hupanda. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu zamani huweza kugeuka magadi katika uhai wa mtu mmoja.

Ujue kwanza ugonjwa wa maji yako

Maji ya nyumbani huwa na maradhi ya aina nne, na hakuna dawa moja iponyayo yote.

La kwanza ni tope, yaani maji kuwa na rangi na chembe. La pili ni vijidudu, nalo ndilo liuwalo upesi na ndilo la kutangulizwa. La tatu ni chumvi. La nne ni kemikali zilizoyeyuka, na hapa kwetu ya kutajwa ni nitrati, ambayo huingia visimani kutoka mashimo ya vyoo, zizi na mbolea. Nitrati ikizidi ni hatari kwa mtoto mchanga anayepewa maziwa ya unga, kwa kuwa huzuia damu yake kubeba hewa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 katika lita moja.

Akina mama wazingatie hapa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakutoi chumvi wala nitrati. Bali maji yanapogeuka mvuke na kupungua sufuriani, chumvi na nitrati huzidi kukolea katika yaliyobaki. Kwa hiyo yule anayechemsha maji ya chumvi mara mbili akitaraji yatakuwa matamu hujisumbua na kuunguza gesi yake bure. Na mtoto wa chini ya miezi sita usalama wake ni kunyonya maziwa ya mamake pekee. Hahitaji maji hata siku ya joto kali.

Anayetaka kujua yaliyomo kisimani mwake aende ofisi ya afya ya umma ya kaunti aulize namna ya kupimiwa vijidudu, chumvi na nitrati. Gharama ya kipimo kimoja aghalabu ni ndogo kuliko ya mashine inunuliwayo kwa kukisia.

Njia, uwezo wake na upungufu wake

Kuchemsha ndiyo njia kongwe na ya kuaminika zaidi kwa vijidudu. Maji yakitokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda mfululizo kwa dakika moja, yatosha. Hakuna haja ya kuyaacha robo saa. Aibu yake ni gharama. Nyumba ya watu sita inywayo lita 12 kwa siku, ikichemsha zote kwa gesi na tukikadiria kwamba nusu ya moto hupotea pembeni mwa sufuria, hutumia karibu kilo 5 za gesi kwa mwezi, na hiyo ni sehemu kubwa ya mtungi wa kilo 6. Kufunika sufuria hupunguza hasara hiyo. Aibu ya pili ni kwamba maji yaliyochemka hayana kinga: yakiguswa na mkono mchafu baadaye, yanarudi yalikokuwa.

Dawa ya klorini, ya maji au ya vidonge, ndiyo njia rahisi kwa bei. Hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko chake, maji yakakorogwa, kisha yakangojwa nusu saa kabla ya kunywewa. Fadhila yake kubwa ni kuwa kinga yake hubaki chomboni. Upungufu wake ni kuwa haifanyi kazi barabara katika maji ya tope, na kuna vimelea vichache vyenye ganda gumu ambavyo haiviuwi upesi. Harufu yake hupungua maji yakiachwa katika chombo kwa saa kadhaa. Asitumie mtu dawa ya kufulia nguo yenye manukato au sabuni ndani yake. Hiyo si dawa ya maji.

Jua ni njia ya asiye na pesa za gesi wala za dawa. Chupa ya plastiki angavu, isiyo na rangi na isiyozidi lita 2, hujazwa maji yasiyo na tope, ikalazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua kali. Siku ikiwa na mawingu mengi, huachwa siku mbili mfululizo. Kipimo cha uangavu ni chepesi: isimamishe chupa juu ya gazeti, na uchungulie kutoka mdomoni. Vichwa vya habari vikisomeka chini yake, maji yanafaa. Upungufu wake ni uchache wa maji, na kwamba siku za mvua ya masika haina tegemeo.

Chujio la udongo wa kuchoma huchuja polepole, lita 1 mpaka 3 kwa saa, bila ya moto wala umeme. Huzuia tope, ameba na bakteria, lakini virusi ni vidogo mno na huweza kupita. Kipande chake kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, kazi imekwisha na hubadilishwa. Huoshwa kwa burashi laini na maji safi, wala hakuoshwi kwa sabuni.

Taa ya miale ya urujuanimno huua vijidudu kwa sekunde chache, ikiwa maji ni angavu na umeme upo. Umeme ukikatika, hakuna kinga. Nayo pia haitoi chumvi.

Mashine ya kutoa chumvi husukuma maji kwa nguvu yapite katika utando mwembamba sana. Hii ndiyo pekee, katika hizi tulizozitaja, itoayo chumvi na nitrati pamoja na vijidudu. Lakini ina gharama tatu: bei yake, umeme na vichujio vya kubadilishwa kila muda, na maji yanayomwagwa. Mashine nyingi za nyumbani humwaga lita 2 mpaka 4 kwa kila lita moja ya kunywa. Mwenye kununua asikubali maji hayo yaende na mtaro. Akinge kwa ndoo, aoshee sakafu na vyoo.

Shabu na kitambaa ni wasaidizi, si wenye kazi. Shabu hukusanya tope likatuama chini, nacho kitambaa huzuia chembe. Mwaka 2003 wanasayansi, akiwamo Rita Colwell, walitangaza matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji vya Bangladesh. Akina mama walifunzwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi, na kipindupindu kikapungua kwa asilimia 48, kwa sababu kijidudu chake hujishika kwenye viumbe vidogo vya majini ambavyo kitambaa huvizuia. Leso kuukuu iliyofuliwa ikaanikwa juani yaweza kufanya kazi mfano wa hiyo. Lakini nusu ya hatari ingali imebaki, kwa hiyo baada ya leso na ije klorini au moto.

Hadhari na wauzaji

Huja wauzaji majumbani na bilauri mbili, moja ya maji ya kisimani kwako na moja ya maji ya mashine yao. Hutumbukiza vijiti viwili vya umeme katika kila bilauri. Ya kwako hugeuka kahawia yenye kuchukiza, na ya kwao hubaki nyeupe, na mama wa nyumba hushikwa na khofu akatoa akiba yake. Ukweli ni kwamba rangi ile ni kutu ya vijiti vyenyewe. Maji yenye chumvi na madini hupitisha umeme, vijiti vikalika. Maji yaliyotolewa madini hayaupitishi, basi vijiti havifanyi kitu. Mchezo huo hauonyeshi kijidudu hata kimoja.

Vivyo hivyo kile kipimo kidogo cha mkononi kitoacho nambari. Hicho hupima wingi wa madini na chumvi. Maji yenye nambari ndogo yaweza kuwa na kipindupindu, na yenye nambari kubwa yakawa hayana kitu. Muuzaji anayejua hayo akanyamaza ameingia katika ghishi, na Mtume (S.A.W.) alijitenga na mwenye kughushi. Hata maji ya chupa na ya kujaziwa madukani yatazamwe kama yana alama ya ubora ya KEBS na kizibo ambacho hakijafunguliwa.

Masuali ya udhu juu ya maji yaliyotiwa dawa

Akina dada wengi huuliza kama maji yenye harufu ya klorini yafaa kwa udhu na josho. Yanafaa. Maji yakichanganyika na kitu twahara, mabadiliko yakawa machache na watu wakaendelea kuyaita maji bila ya kuongeza jina jengine, hayo yangali ni maji mutlaki.

Kuhusu maji ya juani, waliosoma wanakumbuka kwamba vitabu vya madhehebu yetu vimetaja karaha ya kutumia mwilini maji yaliyopata moto kwa jua. Karaha hiyo imewekewa masharti: iwe ni nchi ya joto, chombo kiwe cha madini kama shaba na chuma, na maji yatumiwe yangali moto. Chupa ya plastiki haimo katika sharti hilo, na maji yakipoa karaha huondoka. Isitoshe, Imamu Nawawi mwenyewe, kwa kutazama dalili, alichagua kauli ya kutokuwapo karaha. Asikatae basi mtu njia ya jua kwa kudhani kwamba dini imeizuia.

Ama maji yamwagwayo na mashine ya chumvi, hayo ni maji ya kisima kile kile, chumvi imezidi tu. Ni twahara na yanatwahirisha. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita, basi ndoo moja ya maji hayo yatosha udhu wa nyumba nzima.

Vita hupotezwa chomboni

Nyumba nyingi husafisha maji vizuri kisha huyaharibu kwa kata. Ndoo iliyo wazi, kata iliyolazwa sakafuni, na mkono wa mtoto uliotoka chooni: hivyo vitatu hubatilisha gesi yote iliyotumika.

Adabu za Mtume (S.A.W.) hapa zatosha kuwa ratiba ya jikoni. Aliamrisha vyombo vifunikwe usiku na viriba vifungwe. Alikataza kunywa kwa kuweka mdomo kwenye mdomo wa kiriba. Alikataza kupumulia ndani ya chombo. Na aliamrisha aamkaye usingizini asitumbukize mkono katika chombo mpaka auoshe mara tatu. Mwenye kuzifuata adabu nne hizi kwa maji yake ya kunywa ameyahifadhi kama wanavyoshauri watu wa afya leo: chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba dogo chini, kifuniko kisichoondoka, na kisichotumbukizwa mkono.

Chombo cha maji ya kunywa kiwe mbali na cha maji ya kuoga, na kioshwe kila kinapomalizika. Barafu nayo ihesabiwe kuwa ni maji. Baridi haiui vijidudu, huvilaza tu, navyo huamka ndani ya sharubati. Katika Ramadhani na harusi zetu, pilau huwa imepikwa ikaiva, na hatari ikaja kwa vipande vya barafu na maji ya kukorogea sharubati. Na anayemwandikia mgonjwa kombe kwa zafarani, asiliyeyushe ila kwa maji yaliyo salama. Haifai mgonjwa anywe shifaa na maradhi katika sahani moja.

Nyumba tatu, njia tatu

Nyumba ya kwanza yatumia maji ya mfereji yajayo kwa mgao na kuwekwa tangini. Ugonjwa wake ni vijidudu, chumvi haina. Mashine ya bei kubwa hapa ni israfu. Waoshe tangi angalau mara mbili kwa mwaka, na maji ya kunywa wayatie klorini au wayachemshe, kisha wayaweke katika chombo chenye kifuniko.

Nyumba ya pili ina kisima cha magadi kwenye matumbawe, na vyoo vya mtaa viko karibu. Ugonjwa wake ni vijidudu na chumvi, na yumkini nitrati. Maji hayo yawe ya kufulia, kuoga na kutawadha. Ya kunywa yanunuliwe ya mfereji yakatiwe dawa, au, ikiwa nyumba kadhaa za ukoo au za mtaa zaweza kuchanga, wanunue mashine moja ya kutoa chumvi na kuitunza kwa zamu. Mashine moja itunzwayo na nyumba kumi ni bora kuliko mashine kumi zilizokufa kwa kukosa vichujio.

Nyumba ya tatu yategemea jabia au tangi la mvua. Ugonjwa wake ni uchafu wa paani na vijidudu. Mvua ya mwanzo ya msimu iachwe iende na uchafu wake, ndipo wakinge. Maji yachujwe kwa leso iliyokunjwa, kisha yatiwe klorini, au yalazwe juani katika chupa ikiwa dawa haikupatikana.

Mzigo huu ni wa nani

Limebaki neno moja, nami nalielekeza kwa wanaume. Katika nyumba zetu maji ni kazi ya mwanamke: yeye huamka kuyakinga yakija usiku wa manane, yeye huyachemsha, na mtoto akiharisha yeye ndiye huulizwa alimpa nini. Lakini pesa za gesi, za dawa na za chombo kizuri mara nyingi ziko mfukoni mwa mume, naye huziona kuwa ni anasa. Maji ya kunywa yasiyodhuru ni sehemu ya masurufu yaliyomwajibikia mume kama chakula na mavazi. Chupa ya klorini si ihsani amfanyiayo mkewe. Ni haki ya watu walio chini ya uchungaji wake, na kila mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga.

Na wenye uwezo wanaotafuta sadaka ya kuendelea wajue kwamba kuchimba kisima ni nusu ya sadaka. Nusu ya pili ni kupima maji yake, kukiweka mbali na vyoo, kukifunika, na kuacha fungu la matengenezo, ili thawabu isije ikakatika pamoja na pampu. Misikiti yetu nayo yaweza kutoa mfano: birika la udhu liwe mahali pake, na bomba la kunywa liwe mahali pake, tena liandikwe wazi, ili mtoto wa madrasa mwenye kiu asikinge viganja vyake kwenye maji ya kutawadhia.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atunyweshe maji matamu yenye manufaa, awalinde watoto wetu na maradhi, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutwahirika nje na ndani. Amin.